Mguu wa dada chini ya foklifti: kabla hujaandika neno "uzembe"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kiongozi wa zamu katika kiwanda cha kubangua korosho, nje kidogo ya Mtwara mjini. Wiki tatu zilizopita foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ilimkanyaga mguu dada mmoja, kibarua wa kuchagua korosho. Alikuwa anatoka ghalani na beseni lake, na foklifti ilikuwa inakata kona ikirudi kuchukua mzigo, meno yake ya mbele ya kubebea yakiwa matupu. Dereva ni kijana mtaratibu, hakuwa na kasi, na anaapa hakumwona. Dada amevunjika mifupa ya juu ya unyayo. Meneja anataka niandike kwenye ripoti kwamba ni uzembe wa mfanyakazi, kisha apewe laki mbili, asaini, aende kwao Newala akajiuguze. Hana mkataba wa maandishi. Kosa ni la nani, ana haki gani, na nifanye nini jambo hili lisijirudie?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hiyo ripoti, maana naona ndiyo iliyokukaa kooni. Usiiandike hivyo. Sisemi hivi kwa huruma tu, ingawa huruma ipo. Neno "uzembe" ukishaliandika, hakuna atakayeuliza tena swali lolote, na kona ile itabaki vilevile ikimsubiri mwingine.

Najua kwa sababu nami niliwahi kuliandika. Nilikuwa kijana, afisa usalama katika ghala moja huku kusini, na kuli mmoja alibanwa kati ya foklifti na ukuta, akavunjika nyonga. Nikaandika "alipita mahali pasiporuhusiwa kwa uzembe wake". Ripoti ya ukurasa mmoja, ikapigwa muhuri, ikaingia faili. Miezi mitano baadaye, kona ileile, mtu mwingine. Ndipo nilipokwenda kusimama pale tangu asubuhi lori likishusha, nikaona kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama ningejisumbua: bomba la maji ya kunywa lilikuwa upande wa pili wa njia ya foklifti. Watu walikuwa wanafuata maji. Joto la Novemba unalijua. Ungeweza kuwaandikia uzembe watu mia, na bado wa mia na moja angepita palepale akiwa na kikombe.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: huyo dada beseni lake alikuwa analipeleka wapi, na je, kulikuwa na njia nyingine ya kufika huko? Kama mlango wa watu na mlango wa mashine ni mmoja, umeshapata nusu ya jibu lako.

Nusu nyingine iko kwenye mashine yenyewe. Watu wengi huidhani foklifti ni gari dogo. Si gari. Gari hukata kona kwa magurudumu ya mbele na nyuma yake hufuata. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Wewe uko Mtwara, umeona jahazi likigeuka pale Mikindani: usukani uko tezi, na omo ikielekea kushoto, tezi inasukumwa kulia. Foklifti ni hivyohivyo. Dereva anageuza meno kuelekea kushoto, na lile tako zito la nyuma linafagia upande wa kulia kwa ghafla kuliko mtu wa pembeni anavyotarajia. Aliyesimama mita moja kando, akiona mashine "inaondoka", ndiye anayepigwa. Dereva wakati huo anatazama mbele yanakoelekea meno. Anaposema hakumwona, mimi namwamini.

Sasa uzito. Foklifti ya kunyanyua tani 3 yenyewe huwa na uzito wa tani 4 na zaidi, maana lazima iwe na chuma kizito nyuma cha kusawazisha mzigo wa mbele. Ikibeba, uzito mwingi huhamia magurudumu ya mbele. Ikiwa tupu, kama ilivyokuwa siku hiyo, sehemu kubwa hukaa nyuma, juu ya magurudumu yaleyale yanayokata kona. Piga hesabu: kila gurudumu la nyuma linakanyaga kwa zaidi ya tani moja. Watu huiogopa foko (foklifti) iliyobeba magunia ishirini, ile tupu wanaipita wakichekelea. Kumbe kwa mguu wa mtu, nyuma ya foko tupu ni mbaya kuliko nyuma ya ile iliyobeba. Naomba uwaambie hili kinamama wa kuchagua kwa maneno hayahaya, maana sijawahi kukutana na kiwanda ambako mtu aliwaeleza.

Na dada alivaa nini mguuni? Hukusema, lakini nimetembelea viwanda vya kutosha kuanzia Masasi hadi Lindi, nitabashiri: kandambili. Buti zenye chuma cha mbele zinazofuata viwango vya kimataifa hupimwa kwa mgandamizo wa kilonyutoni 15, yaani kama uzito wa tani moja na nusu. Hiyo ni kwa vidole tu. Mifupa ya juu ya unyayo, ile aliyovunjika yeye, haina chuma juu yake kwenye buti nyingi za kawaida. Buti zinunuliwe, ni wajibu wa mwajiri kuzitoa bila kumkata mtu mshahara, lakini usimruhusu meneja akuambie kwamba buti zimemaliza kazi.

Liko jambo jingine la huku kwetu ambalo vitabu vya wenzetu havilitilii mkazo. Mchana, nje ni jua la kuchoma macho, na ghala lako, kama mengi, lina bati bila madirisha. Dereva akitoka kwenye mwanga ule na kuingia ndani, kwa sekunde kadhaa anaona kiza. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao wewe na mimi tungeuita wa taratibu kabisa, foklifti inakwenda karibu mita 3 kila sekunde, na mtu wa kawaida huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kwa hiyo kijana wako mtaratibu alikuwa anaendesha upofu wa mita kadhaa kila alipovuka ule mlango, mara hamsini kwa siku. Bati mbili tatu zinazopitisha mwanga juu ya lango, au taa kali pale ndani, zingesaidia kuliko semina.

Ukitaka kumwonyesha meneja kwamba haya si mambo ya Mtwara peke yake, mwambie kuwa taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilichambua vifo 1,021 vya foklifti vilivyotokea nchini humo kati ya 1980 na 1994. Asilimia 22 vilitokana na mashine kupinduka, asilimia 20 ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu wakagongwa, asilimia 16 ni waliobanwa na mashine, na asilimia 9 ni walioanguka kutoka juu yake. Tazama hiyo ya pili na ya tatu: ukiziweka pamoja, zinapita za kupinduka. Sisi tunapofundisha, tunamfundisha dereva. Anayekufa mara nyingi hajawahi hata kuigusa funguo.

Kabla sijaja kwenye haki zake, mguu kwanza. Wiki tatu zimepita, na nina wasiwasi na hiyo safari ya kwenda kujiuguza nyumbani. Mguu uliopondwa na gurudumu haufanani na mguu uliovunjika kwa kuteleza. Ngozi inaweza kuonekana nzima huku nyama chini yake imekufa. Siku za mwanzo, hatari kubwa ni uvimbe unaobana mishipa ndani ya unyayo: maumivu yanazidi badala ya kupungua, mguu unakaza kama ngoma, vidole vinakufa ganzi. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa ileile, si kesho yake. Sasa hivi, cha kuangalia ni ngozi inayogeuka nyeusi, usaha, homa, au mifupa inayounga vibaya. Arudi kwa daktari wa mifupa, hospitali ya Ligula au Ndanda, popote penye faili lake, na apige picha nyingine. Najua huku kwetu mguu ukivunjika mtu hupelekwa kukandwa kwa maji moto na kuchuliwa, na wapo mafundi wa kuunga mifupa wanaoheshimika. Kwa mguu uliopondwa, naomba sana, asichuliwe. Kuchua kunaongeza kuvuja damu ndani na kusogeza vipande. Na kila karatasi ya hospitali, hata risiti ya panadol, aitunze kwenye bahasha moja. Utaona kwa nini.

Haki zake. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, Sura ya 263, na chini yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianza kulipa mafao Julai 2016. Mwajiri ndiye anayechangia. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Na jambo ambalo mameneja wengi hawalijui, au wanajifanya hawalijui: mfuko huu haukuundwa kutafuta mkosaji. Kinachoulizwa ni kama aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Kutoka ghalani na beseni la korosho ni kazi, hakuna ubishi. Hata uzembe wa kawaida haumnyimi mtu fidia. Kinachoweza kumletea matatizo ni utovu mkubwa wa makusudi, na hata huo una nafuu yake pale mtu anapopata ulemavu mkubwa au kufa. Kupita mlangoni si utovu wa makusudi. Kwa hiyo lile neno analolitaka meneja halimwokoi hata yeye. Linachafua tu jina la dada wa watu.

Wenye viwanda wengine huona wanaokoa fedha kwa kumalizana na mtu kimya kimya. Hesabu hiyo ni mbovu. Mwajiri ameshalipia mfuko kila mwezi, halafu ajali ikitokea anatoa tena laki mbili mfukoni badala ya kuuacha mfuko ulipe matibabu. Matibabu ni sehemu ya mafao. Pia kuna malipo ya ulemavu wa muda wakati hawezi kufanya kazi, ambayo ni asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Akipona na kubaki na ulemavu wa kudumu, daktari ataupima kwa asilimia: ukiwa asilimia 30 au chini yake hulipwa mkupuo, ukizidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kuna huduma za utengamao pia, yaani kumrudisha kazini kwa mazoezi na vifaa. Laki mbili na sahihi ziko wapi mbele ya hayo? Mwambie asisaini karatasi yoyote inayosema ameridhika na hana madai. Akipewa hela ya nauli au chakula, aipokee na kuandikiwa kuwa ni msaada.

Angalia siku. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari ya ajali. Wiki tatu zimepita, kwa hiyo mmechelewa, lakini kuchelewa kwa mwajiri kusimfanye dada akate tamaa. Mlango wa mfanyakazi unafungwa ikipita miezi 12 tangu ajali bila mfuko kujulishwa. Meneja akigoma, dada mwenyewe, au ndugu yake kwa niaba yake, aende WCF na bahasha ile. OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nao wanapaswa kujua. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, wakaguzi wao wana mamlaka ya kuingia kiwandani na kuamuru kitu kirekebishwe.

Kuhusu mkataba wa maandishi, hapo dada hana shida kubwa kama mnavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na asipoweza kuyatoa mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kibarua ni mfanyakazi. Daftari lako la mahudhurio lenye jina lake, ujumbe wa malipo kwenye simu yake, wenzake waliokuwa naye meza moja, hivyo vyote ni ushahidi. Piga picha hilo daftari leo, kabla halijapotea. Madaftari ya viwandani yana tabia ya kupotea wiki ambayo mkaguzi anakuja. Na kama atafukuzwa kwa sababu ya kudai, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki ndani ya siku 30. Asikae kwao Newala akisubiri simu.

Ripoti yako basi uiandikeje? Andika ulichoona na unachoweza kupima. Saa, hali ya mwanga, upana wa lango kwa mita, foko ilikuwa inatoka wapi ikienda wapi, yeye alikuwa anatoka wapi akienda wapi, alivaa nini, sakafu ilikuwaje. Sakafu usiisahau. Mafuta ya maganda ya korosho yakichanganyika na vumbi la magunia, breki zinakuwa mapambo. Chora ramani kwa mkono, hata ikiwa mbaya. Halafu weka maelezo ya dada na ya dereva kwa maneno yao wenyewe, kila mmoja asaini ya kwake. Usiandike hukumu. Meneja akitaka neno "uzembe" liwemo, aliandike yeye na kusaini yeye. Nimeona wengi wakipoa hapo.

Kuzuia lisirudie: chukua kiti, kaa karibu na kona hiyo siku ambayo malori yanashusha, na uhesabu kwa saa moja ni watu wangapi wanakatisha njia ya foko na kila mmoja anafuata nini. Choo? Maji? Mizani? Sehemu ya kuchajia simu? Ukipata orodha hiyo, hamisha vitu, usihamishe watu kwa matangazo. Kuhamisha bomba la maji lile la ghala letu kulichukua fundi mmoja na siku moja.

Kisha tenganisha. Mlango mdogo wa watu uvunjwe ukutani kando ya lango kubwa, hata kama ni wa upana wa mtu mmoja na beseni. Ndani, njia ya miguu isiwe mstari wa rangi peke yake. Rangi kwenye sakafu ya korosho haimalizi mwezi, na haijawahi kuisimamisha mashine ya tani 4. Weka vizuizi vya chuma, au mapipa yaliyojazwa zege, ambayo mafundi wako wanaweza kuyatengeneza palepale. Pale ambapo kutenganisha kwa ukuta hakuwezekani, tenganisha kwa saa: lori likishusha, meza za kuchagua hazipokei wala hazitoi mzigo kupitia lango lile mpaka mtu mmoja mwenye filimbi aseme. Msimu unapoanza Oktoba na magunia yakawa yanaingia mfululizo, watakuambia hamna muda. Ndiyo maana jambo hili lipangwe sasa, kabla ya Oktoba.

Honi na kioo cha konani ni vizuri, viwekwe, lakini sivitegemei. Ndani ya kelele za mashine za kubangua honi haisikiki, na ikipigwa kutwa nzima masikio huizoea.

Yapo mengine ya kawaida ambayo nayataja haraka kwa kuwa nina hakika angalau moja linafanyika kwenu. Mtu kupandishwa juu ya chaga (jukwaa la mbao la kuwekea mizigo) ili akafikie magunia ya juu: marufuku. Funguo kuachwa kwenye foko wakati dereva amekwenda kula, na kijana fulani "kujifunza": marufuku, funguo zikae shingoni mwa dereva. Foko ikiegeshwa, meno yashushwe mpaka chini. Mzigo ukiziba macho, aende kinyumenyume. Na mkanda. Madereva wetu hawaupendi kabisa, wanasema wataruka mashine ikipinduka. Anayeruka ndiye anayekutwa chini ya paa la chuma la kiti, kwa sababu mashine huangukia upande aliorukia. Afunge mkanda, akisikia inalala ashike usukani, akaze miguu, aegemee upande wa pili, abaki humo.

Sasa dereva wako. Hukuniuliza, lakini najua meneja akikosa kumwangushia dada lawama, atamgeukia yeye. Kumfukuza ni kupoteza mtu pekee anayejua ni wapi haoni. Leseni ya barabarani haitoshi kwa foklifti, kwa hiyo kama hana cheti cha mafunzo ya mashine hiyo kutoka chuo kinachotambulika, kiwanda kimpeleke. Wakati unasubiri hilo, panda wewe kwenye kiti chake, mashine ikiwa imezimwa, umsimamishe mtu mmoja kwa zamu kila upande, na muulizane: hapa unamwona? Na hapa? Weka alama za chaki kila mahali anapopotea. Waite kinamama wa meza za kuchagua waje kuziona hizo chaki kabla hazijafagiliwa. Dakika kumi na tano tu, na hakuna aliyelipia semina.

Mwisho, dada akishafungua madai WCF atapewa namba. Iandike kwenye daftari lako, kwenye daftari lake, na kwa ndugu yake wa Newala, maana simu za vibarua hupotea au huuzwa mguu ukikaa muda mrefu bila kazi. Na nitumie ile ramani ukishaichora, hata kwa picha ya simu, nione lango liko upande gani.